Kigari cha Kwenda Mbugani

"Unampima mtoto kwa kamba? Amekufa?"

Agnella alishtuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, uzi wa katani mkononi, ncha moja kwenye kisigino cha Beatus aliyelala na nyingine ikikaribia utosi. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, Bibi Tekla, ungo wa mchele ubavuni, uso umemkunjamana.

"Hapana, mama. Nataka kujua urefu wake tu, ili nikienda kununua kigari cha kumsukumia niseme..."

"Anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili wanaokwenda kuchimba wajue kaburi liishie wapi. Mtoto mzima hapimwi. Huko kwenu Kiberege hamkufundishwa?"

Bibi Tekla aliuvuta ule uzi, akautupa kwenye mafiga, kisha akafanya ishara ya msalaba. Beatus akajigeuza usingizini na miguu yake ikatoka nje ya mkeka.

Urefu huo ndio uliokuwa balaa lenyewe. Beatus alikuwa na miaka miwili na miezi michache, lakini Mungu alipomgawia kimo hakuangalia kadi ya kliniki. Ukimwona amesimama ungemwandikisha chekechea. Watu wa Lipangalala walimkuta mgongoni kwa mama yake, miguu inaning'inia hadi magotini kwa Agnella, wakasema bila aibu, "Jitu zima hilo bado linabebwa? Mshushe atembee!" Na akishushwa alitembea kama mtoto wa miaka miwili anavyotembea: hatua chache, anakaa, anaokota kokoto, anaionja, anataka kurudi alikotoka.

Kumbeba sasa hakukuwezekana. Kwaresima ilipoanza Agnella alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito, hata ndoo ya maji, mpaka amwone tena. Bombani wanawake walicheka. Ngiri? Ngiri si ugonjwa wa wanaume? Mmoja akamuuliza kama ameanza kunyoa ndevu. Agnella alicheka nao, akachota maji nusu ndoo, akaenda kulia nyumbani.

* * *

Bibi Tekla hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Jioni hiyo hiyo, wakiwa wanachambua mboga, alisema alichotaka kusema.

"Mpunga umetia maziwa. Kwelea wameshaonekana. Mwanangu yuko mbugani peke yake, anaamia ndege tangu alfajiri mpaka jua linazama, akishuka kwenye dungu lake la kulindia hakuna hata uji. Mwanamume hakai shamba peke yake, mama Beatus."

"Najua, mama."

"Nimeongea na Stumai. Yuko tayari. Jumapili nikitoka misa namsindikiza stendi."

Kisu kilisimama mkononi mwa Agnella. Stumai alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mzuri, mchapakazi, aliyeachika mwaka juzi. Hakuwa na ubaya na mtu. Lakini bonde zima linajua: mwanamke anayepanda dungu wakati wa masika ndiye anayeshuka na magunia wakati wa mavuno, na mara nyingine anashuka na tumbo pia. Baada ya hapo hakuna anayeuliza mke ni nani.

"Mama, kwa nini usikae na Beatus, niende mimi?"

"Kwa nyonga hii? Juzi kaniponyoka mpaka barabarani, bodaboda ikafunga breki puani pake. Ukiondoka wewe, simuwezi. Sisemi kwa ubaya."

Na kweli hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Agnella, kwamba hakuwepo mtu wa kumkasirikia.

Alipompigia simu mumewe, mtandao ulikuja na kupotea. "Sylvester, njoo utuchukue. Ufike barabarani tu, umbebe Beatus mpaka shamba."

"Niache ndege nije kubeba mtoto?"

"Nusu siku tu, baba Beatus."

"Kwelea hawana nusu siku. Nikigeuka kisogo hakuna mpunga. Na wewe unataka watu wanione kwenye matuta nimebeba mtoto kama yaya? Tafuta namna."

Kisha mtandao ukakata, au alikata yeye.

Namna alikuwa ameshaiona hospitalini, siku aliyokwenda kutolewa nyuzi. Mke wa daktari mmoja mgeni alikuwa akimsukuma mwanawe kwenye kigari, kwenye changarawe, kwenye nyasi, kwa mkono mmoja, huku anaongea na simu. Agnella alimwangalia mpaka alipopotea nyuma ya wodi. Alikuwa na pesa yake ya mchezo wa kuchangiana na wenzake, zamu yake ilikuwa imeangukia mwezi ule. Alikuwa ameipangia mabati. Sasa mabati yangesubiri.

* * *

Barnaba aliuza mitumba ya vyombo vya watoto karibu na soko: beseni za kuogea, baiskeli za magurudumu matatu, wanasesere wasio na macho. Vigari vilikuwa vitatu, vimening'inizwa kwa ndoano kama nyama buchani.

"Karibu, mama. Kigari cha kutembelea mjini au cha kwenda nacho kanisani?"

"Cha kwenda mbugani."

Barnaba aliweka kikombe cha chai chini. "Mbuga ipi?"

"Ng'ambo ya Namwawala. Mpaka mwisho wa barabara kwa bodaboda, halafu tunapita kwenye matuta ya majaruba."

Kuna watu ambao wangecheka, na Barnaba alikuwa karibu. Lakini biashara ilikuwa mbaya wiki ile. Akashusha kigari cha kwanza, kikubwa, magurudumu manne mapana, kiti kirefu kama kitanda.

"Huyu ndiye mwenyewe. Topeni anapita, mchangani anapita. Mtoto analala humu mpaka aanze darasa la kwanza."

Agnella alitulia kidogo moyoni mwake. Alikishika mpini, akakisukuma juu ya mawe ya mlangoni. Kilipita bila kutikisika. "Kinakunjwaje?"

"Hakikunjwi."

"Kwenye bodaboda kitakaaje?"

"Hapo sasa, ungekodi pikapu."

Pikapu mpaka Namwawala, masika hii! Agnella alikirudisha mwenyewe kwa kukisukuma, taratibu, kama mtu anayeaga. Cha pili kilikunjwa kikawa kama mwavuli, chepesi, ungekipakata. Magurudumu yake yalikuwa ya plastiki, madogo kama vifuniko vya chupa za chai.

"Hiki sikudanganyi," Barnaba alisema. "Hiki ni cha lami. Ukikitia kwenye tope utakivuta kama jembe la ng'ombe."

Cha tatu kilikuwa na magurudumu matatu yenye matairi ya upepo. Barnaba alikanyaga kitu chini, kikalala. Akavuta mkanda, kikajikunja katikati. Akakibeba kwapani kumwonyesha. Agnella alishanyoosha mkono kukipokea.

"Hiki elfu themanini. Kizuri chajiuza, sikisifii. Ila hiki kiti chake ni kifupi kidogo. Mtoto ana miaka mingapi?"

"Miwili."

"Wa miaka miwili anaingia bila wasiwasi. Ni mnene?"

"Si mnene."

"Urefu wake? Nionyeshe kwa mkono. Ananifika wapi?"

Agnella aliinua mkono, ukafika usawa wa nyonga, ukasimama hewani. Kiganja kimeangalia chini. Aliona chini ya kiganja kile kichwa cha mwanawe, na akaona uzi unavyoungua kwenye mafiga, na akasikia neno kaburi. Isitoshe, watu wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza, na urefu wa mtoto si kitu cha kutangazia macho ya watu sokoni. Aliushusha mkono.

"Wa kawaida tu," alisema.

"Basi kinamtosha."

Alilipa. Barnaba aliandika risiti, akamwonyesha na kidole mstari wa chini, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Agnella alisema ameelewa.

* * *

Nyumbani alimketisha Beatus kwenye kigari mbele ya Bibi Tekla na majirani watatu waliokuja kutazama. Magoti yalimpanda mpaka kifuani. Alipoyanyoosha, visigino vilifika chini, vikaburuta mavumbi. Beatus alifurahi sana. Alidhani ndivyo kinavyoendeshwa, akaanza kujisukuma kwa miguu.

"Hicho si cha mdogo wake?" jirani mmoja aliuliza.

"Mnahamia Ulaya?" akauliza mwingine.

Stumai naye alikuwepo, mwanawe mgongoni. Yeye hakucheka. Alichutama, akashika miguu ya Beatus, akaikunja juu ya kiti kama mtu anayekaa mkekani. "Hivi atakaa, dada. Mfunge na khanga kiunoni asiteleze." Akaifunga yeye mwenyewe. Agnella alishindwa kumshukuru. Alijichukia kwa hilo.

Usiku uleule alitia mzigo mwepesi kwenye mkoba wake wa begani: unga kidogo, chumvi, dagaa, dawa yake. Jumamosi asubuhi aliaga.

"Shikamoo, mama. Tunaondoka."

"Marahaba." Bibi Tekla alimvika Beatus kofia. "Kweli umeamua. Haya, kawia ufike. Stumai nitamwambia asiende."

Hilo ndilo alilotaka kusikia. Alipanda pikipiki, Beatus katikati yake na dereva, kigari kimekunjwa na kufungwa nyuma kwa mpira. Kilienea vizuri. Angalau hapo hakuwa amekosea.

"Sister, huyu dogo nae ni kichwa," dereva alisema kabla ya kuwasha. "Nauli mbili."

"Ana miaka miwili!"

"Miaka miwili?" Dereva aligeuka akamtazama Beatus kuanzia viatu mpaka kofia. "Sister, usinifanye boya. Huyu anajua kusoma."

Walibishana, kadi ya kliniki ikatolewa kwenye mkoba na kusomwa na watu waliokuwa wakipita, na mwisho alilipa nauli moja na nusu.

* * *

Dereva aliwashusha kwenye kalavati la mwisho. Kutoka hapo mpaka shambani hakuna chombo kinachopita masika, ni matuta tu, maji ya mpunga kulia na kushoto. Agnella alikikunjua kigari, akakielekeza, Beatus akapanda mwenyewe, akamkunja miguu, akamfunga.

Na kigari kilikwenda. Hebu tuseme haki: kilikwenda. Matairi yalipanda na kushuka kwenye mashimo ya kwato, yakapita juu ya mizizi, yakarusha matope pembeni, na mpini ulikuwa mwepesi mkononi. Mpunga ulikuwa umesimama kijani pande zote, na Agnella, ambaye tangu Kwaresima hakuwa ametoka nje ya mji, alijisikia kuimba. Akaimba wimbo wa Pasaka. Beatus akaitikia asichokijua.

Lakini mtoto wa miaka miwili hakai amekunja miguu kwa sababu mama yake ana shida. Walipofika katikati, pale ambapo tuta linakuwa jembamba, Beatus alichoka. Alinyoosha miguu yote miwili ghafla. Mguu wa kushoto ukashuka mbele, ukaingia chini ya mhimili wa gurudumu la mbele, kigari kikakwama, kikapinda, gurudumu la nyuma likateleza kutoka kwenye tuta. Kigari na mtoto wakalala ndani ya jaruba.

Kilio chake kilirusha ndege. Agnella aliingia majini mpaka magotini, akafungua khanga, akauchomoa mguu polepole. Haukuvunjika. Ulichubuka tu kifundoni, damu ikachuruzika na matope. Lakini Beatus hakutaka tena kigari. Alikitazama akakipigia kelele kama anayefukuza mbwa. Alimsimamisha kwenye tuta atembee, akakaa. Alimvuta mkono, akajilaza. Kisha Agnella alimshika kwapani na kuanza kumwinua, na chini ya kitovu kitu kikavuta, kikachoma kama sindano inayotoka ndani kwenda nje. Alimrudisha chini haraka.

Alikaa naye kwenye matope. Kwenda mbele hawezi, kurudi hawezi, kumbeba hawezi. Nyuma kulikuwa na nyumba ambamo alikuwa mzigo, mbele kulikuwa na mume ambaye hakuja. Alilia kwa hasira, kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwonea aibu.

Alikuwepo mmoja. Mwanamume mrefu mwenye fimbo na mbwa alikuwa anakuja kwenye lile tuta, suruali imekunjwa, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Agnella alimtambua kwa sura: Shilinde, mfugaji aliyejenga upande wa juu. Mwaka jana ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wao, na Sylvester alimtukana matusi ambayo hata kwenye pombe hayasemwi.

"Mama, mbona mmekaa kwenye maji? Mnaumwa?"

"Mtoto hatembei. Mimi nimepasuliwa tumbo, sibebi."

Shilinde hakuuliza lingine. Alimpa Agnella fimbo aishike, akamnyanyua Beatus kwa mikono miwili, akamkalisha mabegani. Kigari alikitoa jarubani, akakitingisha maji, akakikunja kwa kubahatisha mpaka kikakubali, akakishika kwa mkono mmoja.

"Twende. Ni kule kwa Sylvester, si ndiyo?"

"Ndiyo. Lakini yule na wewe..."

"Mtoto hajanitukana."

Walitembea. Beatus alinyamaza, ameshika masikio ya yule mtu, anatazama bonde lote kutoka juu. "Huyu mrefu," Shilinde alisema. "Huyu atachunga ng'ombe bila kupanda kichuguu." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuusifu urefu ule, na Agnella, ambaye sifa za mtoto zilimtia hofu siku zote, safari hii alicheka. Njia iliyokuwa imemshinda iliisha kabla hajamaliza kuuliza habari za mke na watoto wa Shilinde.

* * *

Sylvester alikuwa juu ya dungu, amesimama, kombeo mkononi. Aliwaona kutoka mbali na hakushuka. Walipofika chini ndipo aliposhuka, akampokea mtoto kutoka mabegani kwa Shilinde bila kumtazama usoni. Shilinde aliegemeza kigari kwenye nguzo, akachukua fimbo yake, akasema, "Haya, tutaonana," akaendelea na njia yake, mbwa nyuma.

"Unaniletea yule hapa?" Sylvester aliuliza.

"Pole kwa kazi, baba Beatus."

"Nakuuliza. Mwanangu anabebwa mabegani na yule? Watu wa mashamba yote haya wameona. Kesho watasema Sylvester hana mabega."

"Nilikuita uje."

"Nilikwambia utafute namna, sikukwambia utafute Shilinde!"

"Namna ndiyo hiyo," Agnella alisema, akaonyesha kigari kilichojaa tope. "Nimekinunua kwa pesa ya mchezo. Kimenifikisha nusu ya njia. Nusu nyingine alinifikisha mtu uliyemtukana. Wewe umenifikisha wapi?"

Agnella hakuwa amewahi kumjibu hivyo. Sylvester aliinua mkono, halafu akaushusha, akajikuna shingo. Alitazama mguu wa Beatus uliochubuka. Akaenda kuchota maji akauosha, na Agnella akapika ugali na dagaa, na wakala. Alipika kwa raha hata hivyo. Sufuria ilikuwa yake, dungu lilikuwa lake, mwanamke mwingine hakuwa amekanyaga pale. Alijiambia ameshinda.

Asubuhi, akiwa juu ya dungu walikolala, aliamshwa na sauti ya Sylvester anayepiga mswaki chini. Alipochungulia alimwona amevaa shati jeupe, lile la kanisani. Ukungu ulikuwa bado haujatoka kwenye mpunga.

"Unakwenda wapi?"

"Ifakara. Tangu mwezi wa pili sijaona mji. Nikasali, nimwone mama, nipumzike kidogo." Hakuwa na hasira tena. Alikuwa mchangamfu, mtu aliyetua mzigo. "Nitarudi Jumatano. Alhamisi nikichelewa sana. Debe liko pale, kombeo pale. Wakianza kushuka upande wa mfereji piga debe, wakihamia huku tumia kombeo. Usikae. Ukikaa wanajua."

"Sylvester, ndege hawana nusu siku. Si ulisema?"

"Nilikuwa peke yangu. Sasa upo."

Kisha aliinama, akachukua kigari. Alikuwa ameshakiosha. Alikikunja, kikalia tik, akakitupia begani.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Kwa aliyekuuzia. Hakimtoshi mtoto, wewe mwenyewe umeona. Akikipokea hata kwa nusu bei tutapata dawa ya kuulia magugu."

"Kiache." Agnella alikuwa ameanza kushuka ngazi, mkono tumboni. "Nimekinunua kwa pesa yangu, Sylvester. Kiache hapa."

Aligeuka akamtazama, na kilichomtisha Agnella ni kwamba usoni mwake hamkuwa na ukorofi wowote. Alikuwa hajaelewa tu.

"Cha nini?" alisema. "Si umeshafika?"

Akaondoka kwa lile tuta, mwepesi, anapiga mluzi, kigari begani hata hakimwelemei. Alipungua, akawa shati jeupe tu, kisha hakuonekana.

Kundi la kwanza la kwelea lilishuka upande wa mfereji. Agnella alilichukua debe na kijiti. Nyuma yake Beatus alikuwa ameamka, ametambaa mpaka kwenye ukingo wa dungu, miguu yake mirefu inaning'inia nje, analia. Alimwona mama yake akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama, beba."

Agnella aliangalia njia. Hapakuwa na mtu. Akapanda ngazi, akamchukua, akamweka kiunoni, akauma meno mpaka maumivu yakatulia kidogo. Kwa mkono uliobaki akaanza kupiga debe.